Propela ya Bi. Rehema Iliyozunguka Kushoto

Tangu nistaafu, vijana wa karakana, simu zenu zimekuwa nyingi kuliko nilipokuwa kazini. Kila wiki mmoja wenu ananipigia kuniuliza: Fundi Festo, mteja ana mashua ya tanga yenye injini ndogo ya dizeli, propela yake imekufa, nimchagulie ipi? Mnauliza kama vile nina orodha ya majibu kabatini. Sina. Nilichonacho ni kumbukumbu ya propela moja niliyoichagua vibaya, na watu tisa waliokuwa ndani ya chombo siku matokeo yake yalipojitokeza. Mmoja wao alikuwa mke wangu, kwa hiyo hata nikitaka kusahau, nyumbani kwangu hapa Mbagala kuna mtu wa kunikumbusha.

Nianze mwanzo. Sikuzaliwa fundi wa baharini. Wazazi wangu walitoka Masasi, na bahari kwetu ilikuwa kitu cha kupita pembeni mwa barabara ukielekea mjini. Nilijifunza ufundi Tandika kwenye mashine za kusaga nafaka. Niliziweza vizuri, na kosa langu la kwanza maishani lilikuwa kuamini kwamba anayeiweza mashine ya kusaga anaweza kila kitu chenye pistoni. Nilipopata kazi kwenye karakana ya vyombo Msasani, niliwaaga wenzangu wa Tandika nikiwaambia injini ya mashua ni mashine ya kusaga iliyolowa maji.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Fundi Salome. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mkereza vyuma, mwanamke wa Newala, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefunga kitenge juu ya ovaroli na kuweka kalipa ya kupimia kwenye mfuko wa mbele kama wengine wanavyoweka simu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Umeshawahi kuchomoa propela?"

"Nimechomoa magurudumu mengi sana ya mikanda ya mashine za kusaga."

Alinitazama kidogo. "Sikukuuliza hilo," akasema, kisha akaniongoza ufukweni.

Maji yalikuwa yametoka, na mashua moja ya tanga ilikuwa imeegeshwa mchangani, imeshikiliwa na magogo pande zote mbili. Kazi yangu ilikuwa kuchomoa propela kabla maji hayajarudi. Salome alinipa puli maalumu ya kuvutia, yenye miguu mitatu, akaenda kumwona mtu. Nikaiona puli ile ni ya watu waoga. Nilifungua nati yote, nikaiweka kando, nikachukua nyundo. Nilipiga mara tano bila kitu kutokea. Ya sita, propela ikaruka kama sahani iliyorushwa na mke mwenye hasira, ikanipiga mguuni, ikazama kwenye tope. Na ule ufunguo, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya shafti na propela ili zizunguke pamoja, ukaenda nisikojua.

Salome alinikuta nimepiga magoti, mikono imeingia topeni hadi viwiko, na maji yameanza kunizunguka.

"Nati huwa haitolewi yote," akasema. "Unailegeza nyuzi tatu nne, unaiacha palepale. Propela ikiachia, nati inaidaka. Ndiyo maana mwenye akili alitengeneza nati."

Niliupata ule ufunguo maji yakiwa kifuani. Tangu siku ile niliacha kutaja mashine za kusaga mbele yake.

Miaka iliyofuata alinifundisha mengi kwa namna hiyohiyo, kwa sentensi fupi na bila kunisifu hata kidogo. Nilipomuuliza pichi ya propela ni nini, alichukua skrubu na kipande cha ubao. Akaikaza mzunguko mmoja. "Imeingia kiasi gani?" Nikapima. "Hiyo ndiyo pichi. Propela ni skrubu, bahari ni ubao. Mzunguko mmoja ingetakiwa isogee mbele kiasi hicho, ila maji ni laini, kwa hiyo inateleza kidogo. Pichi ikiwa kubwa kuliko nguvu za injini, injini inalemewa, inatoa moshi mweusi, haifiki mwendo wake. Ikiwa ndogo, injini inapiga kelele nyingi na chombo hakiendi. Kama wewe ulipokuja."

Nilielewa. Au nilidhani nimeelewa, na kwenye kazi yetu hilo la pili ndilo la hatari.

Sasa nije kwa Bi. Rehema. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa Kunduchi, ukoo wake ukiwa pale kabla hoteli hazijafika. Yeye na marehemu mumewe walinunua mashua ya tanga ya kizungu, mitumba, yenye urefu wa futi thelathini na kitu, wakaiita *Tulizana*. Mume alipofariki watu walimshauri aiuze. Yeye akajifunza kuiendesha. Alikuwa akiwapeleka wageni na wenyeji kisiwani Mbudya na kuwarudisha, na ndiyo kazi iliyokuwa ikimweka mjini. Chombo kikisimama, naye anasimama.

Siku moja *Tulizana* iligonga jiwe ikipita mlango kati ya miamba. Panga moja kati ya mapanga matatu ya propela lilivunjika nusu. Bi. Rehema alikileta chombo Msasani kikivutwa, akaja moja kwa moja kwa Salome. Salome alikuwa likizo kwao Newala. Mimi ndiye niliyekuwa nakaimu, na nilikuwa nakaimu kila kitu chake, hata akili yake.

"Fundi, utaweza?" Bi. Rehema akaniuliza.

"Bi. Rehema, hii ni propela tu."

Kumbukeni sentensi hiyo. Mkijisikia mnaitamka, wekeni spana chini mwende mkanywe chai.

Niliichomoa propela ile, safari hii kwa puli na nati ikiwa palepale. Nikapima kipenyo chake, nikapima tundu la katikati na mchepuko wake, yaani linavyopungua upana kuelekea upande mmoja, nikahesabu mapanga, nikaandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Kisha nikazunguka mjini kutafuta. Propela mpya za saizi ile hazikuwapo. Kuagiza nje kungechukua miezi, na Bi. Rehema alikuwa na wageni ndani ya wiki mbili. Siku ya nne nikaipata kwa muuzaji wa vipuri vya vyombo vilivyovunjwa: shaba nyekundu, nzuri, mapanga matatu, kipenyo kilekile, tundu lilelile. Nilifurahi nikaibusu. Muuzaji aliona.

Ile ya zamani niliipeleka nyumbani, mke wangu, Mama Upendo, akaiweka juu ya mfuniko wa pipa la maji ili paka wasiufunue. Kwa hiyo sikuwahi kuziweka zile mbili pamoja. Laiti ningefanya hivyo, nisingekuwa na hadithi hii.

Siku ya majaribio, chombo kikiwa majini, Bi. Rehema alishika usukani, mimi nikakaa kwenye mlango wa injini. Nyuma yetu kulikuwa na mgahawa wenye jukwaa linaloelea, watu wanakula chakula cha mchana. Nikawasha injini. Ikaunguruma vizuri.

"Weka mbele," nikasema.

Bi. Rehema akaweka mbele. *Tulizana* ikaanza kurudi nyuma, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeaga wakwe.

"Fundi, kinarudi."

"Ni mkondo huo. Ongeza."

Akaongeza. Tukaligonga lile jukwaa kwa kishindo. Sahani ya kamba wa kukaanga ikateleza mezani, ikaingia baharini na kachumbari yake. Bwana mmoja alibaki ameshika uma hewani. Bi. Rehema aligeuka akawaambia, "Samahanini sana," kwa sauti ya mwalimu aliyepeleka darasa lake mahali likamwaibisha. Na mimi, badala ya kuzima injini, nikasema tena, "Jaribu mbele kidogo," tukagonga mara ya pili.

Injini ilipozimwa nilielewa, na jasho likanitoka sehemu nisizozijua. Kuna propela za kulia na propela za kushoto. Ukisimama nyuma ya chombo ukaitazama ikisukuma mbele, ya kulia inazunguka kama mshale wa saa, ya kushoto kinyume chake. Ya Bi. Rehema ilikuwa ya kulia. Niliyoibusu ilikuwa ya kushoto. Daftari langu lilikuwa na vipimo vyote hadi nusu milimita, isipokuwa jambo ambalo ungeliona ukiwa umesimama mlangoni.

Hapo nilikuwa bado naweza kujiokoa kwa maneno mawili: nimekosea, nisamehe. Badala yake nikamwambia Bi. Rehema, "Waya wa gia ulikuwa umefungwa kinyume." Kisha nikaufunga kinyume.

Nieleze nilichofanya, kwa sababu kuna siku mtashawishika nacho. Niligeuza waya unaotoka kwenye mkono wa gia, ili ukisukuma mbele, giaboksi yenyewe iingie kwenye gia ya nyuma. Shafti ikageuza mzunguko, propela ya kushoto ikapata mzunguko inaoutaka, na chombo kikaenda mbele vizuri kabisa. Bi. Rehema akanipa mkono. Nikajiona mjanja. Ila giaboksi ile ilitengenezwa kusukuma mbele mchana kutwa, na kurudi nyuma kwa dakika chache tu, za kuegesha. Mimi nikaipa kazi ya kurudi nyuma kutwa nzima. Nilipoigusa baada ya majaribio nikaondoa mkono haraka. Nikajiambia hii ni Dar es Salaam, kila kitu kina joto.

Majuma matatu yakapita bila tatizo. Bi. Rehema alifurahi hata akanialika mimi na mke wangu tuende Mbudya pamoja naye na walimu wenzake sita, wote wastaafu, wanawake waliofundisha naye Kinondoni. Mama Upendo haogi baharini hata maji ya vifundoni, lakini nilikuwa nimejisifu sana nyumbani juu ya propela ile, akasema lazima akaione kazi yenyewe.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Upepo ulikuwapo, tanga lilijaa, injini ikapumzika. Tulikula, tukaimba, walimu wakanisahihisha sarufi. Wakati wa kurudi, alasiri, upepo ukakatika ghafla kama mtu aliyezima swichi. Bi. Rehema akawasha injini. Tulikwenda robo saa, nusu saa. Kisha nikasikia harufu ya mafuta yaliyoungua, na injini ikaanza kupiga kelele kubwa huku chombo kikipunguza mwendo, hadi kikasimama. Kelele zikaendelea, sisi hatuendi.

Hatukuwa tumesimama kweli. Mkondo ulikuwa ukitubeba ubavu kuelekea kwenye miamba. Niliiona mbele yetu, maji yanapasuka juu yake meupe, yanarudi, yanapasuka tena. Walimu waligeuka wote kwa pamoja kuitazama. Mama Upendo alinishika shati mgongoni.

"Baba Upendo," akasema polepole, "hiki ndicho ulichokuwa unakisifia nyumbani?"

Nilichokifikiria, naona aibu kuandika, ni iwapo kuna mtu angekuja kujua kuhusu ule waya.

Bi. Rehema hakufikiria chochote cha namna hiyo. "Zima injini. Fundi, nanga, haraka. Walimu, kaeni chini, vaeni maboya vizuri, mmoja amkaze mwenzake." Nikaitupa nanga. Kamba ikaenda, ikakaza, ikalegea. Nanga ilikuwa inaburuzika mchangani. Tukasogea. Akaniambia nimwongezee kamba, nikaongeza yote iliyokuwapo. Ikakaza tena, ikatetemeka, na *Tulizana* ikageuza pua yake taratibu kuelekea kwenye mkondo, ikatulia. Kati yetu na miamba kulikuwa na nafasi ya chombo kama chetu mara mbili, labda pungufu.

Bi. Rehema alipiga simu Kunduchi kwa ndugu zake wavuvi. Wakasema wanakuja na boti ya injini. Basi tukabaki tunangoja. Akafunua mfuniko wa injini, moshi ukapanda, akaitazama ile giaboksi, kisha akanitazama mimi.

"Fundi, hii imeungua kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari. Ningeweza kusema mafuta ni feki, na mjini kila mtu angekubali. Ningeweza kusema chombo ni kizee. Lakini mke wangu alikuwa bado ameshika shati langu, yeye asiyeingia hata maji ya vifundoni, na alikuja kwa sababu ya majigambo yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikununulia propela ya kushoto, chombo chako ni cha kulia. Nikaficha. Nikageuza waya ili isijulikane. Giaboksi imefanya kazi kinyume kwa majuma matatu."

Bi. Rehema akaufunga ule mfuniko wa injini. "Waambie na hawa," akasema. "Ndio waliopanda."

Nikageukia walimu, nikaanza kueleza kwa sauti ya mtu aliyemeza mchanga. Yule mfupi aliyekaa mwisho, aliyefundisha hisabati, akaniambia, "Simama wima, uongee kwa sauti. Huku nyuma hatusikii."

Nikasimama. Nikaeleza yote tangu mwanzo: daftari, muuzaji, busu, jukwaa la mgahawa, waya. Niliulizwa maswali. Mmoja akaniuliza kama ningesema ukweli iwapo giaboksi isingeungua. Nikasema sidhani. Akatikisa kichwa akasema, "Angalau hilo umelijibu sawasawa." Kisha wakaanza kuzungumza mambo yao, wakaniacha nimesimama, na hakuna aliyeniambia nikae. Nilisimama hivyo hadi boti ya Kunduchi ilipofika na kutuvuta.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi. Rehema kumwambia nitaitengeneza giaboksi kwa mikono yangu na kwa gharama yangu, na kwamba propela atafute fundi mwingine amchagulie. Kuhusu giaboksi alikubali. Kuhusu propela akasema, "Hapana. Utaitafuta wewe. Safari hii utaitafuta mpaka uipate." Nilimwona ni mtu wa ajabu. Nadhani ni ualimu. Walimu hawapendi mtu ahame darasa kwa kufeli.

Salome alikuwa amerudi. Nilimsimulia. Alisikiliza huku akikereza, wala hakusimamisha mashine.

"Ya zamani iko wapi?"

"Nyumbani. Juu ya pipa."

"Kailete."

Niliileta kwa bodaboda, nimeipakata mapajani kama mtoto mchanga. Salome akazilaza zote mbili juu ya meza. Akainama, akaniambia nami niiname. "Tazama panga lililo karibu nawe, kwa ubavu. Ukingo wa kulia ukiwa juu, ni ya kulia. Ukingo wa kushoto ukiwa juu, ya kushoto. Igeuze juu chini ukitaka, jibu halibadiliki." Zilikuwa zimelala pale kama ndara mbili za mtu mmoja. Ungeweza kuiona tofauti yake ukiwa unapita na baiskeli.

Kisha akanituma nikazungumze na Bi. Rehema. Nilimwambia Salome kwamba vipimo ninavyo. "Umeipima propela," akasema. "Mwenye chombo hujampima." Basi nikaenda Kunduchi na daftari langu, nikakaa jikoni kwake, nikauliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza siku ya kwanza. Je, anatumia injini zaidi au tanga? Tanga, injini ni ya kuingilia na kutokea. Kwa kawaida hapo fundi anafikiria propela ya mapanga mawili, kwa sababu ukiwa kwenye tanga propela ni mzigo tu unaoburuzwa, na mawili yanaburuzwa kwa urahisi kuliko matatu. Nikamtajia pia zile zinazojikunja kama mwavuli, ambazo hazizuii mwendo kabisa. Akauliza zinasimamisha chombo vizuri? Nikasema zikirudishwa nyuma ni dhaifu kidogo, na huku kwetu zikiota magamba ya baharini zinaweza kugoma kufunguka.

"Mie siitaki kasi," akasema. "Nimebeba watu. Nataka nikisema simama, kisimame."

Basi matatu, yasiyojikunja. Nikauliza kama injini ilikuwa na tabia yoyote hata kabla ya kugonga jiwe. "Ilikuwaga inatoa moshi mweusi nikiibana," akasema. "Marehemu alisema ndivyo ilivyo." Nikaandika. Salome aliposoma hilo alisimamisha mashine kwa mara ya kwanza. Moshi mweusi ulimaanisha hata ile ya zamani haikuwa sahihi. Pichi ilikuwa kubwa mno kwa injini ile, na kwa miaka yote ilikuwa inalemewa. Akafanya hesabu zake nyuma ya boksi, akisoma kitabu cha injini na kitabu cha giaboksi, akasema tupunguze inchi moja.

Propela ya kulia yenye pichi ile haikuwapo mjini. Salome akasema tuisubu wenyewe, shaba, kwenye karakana ya kusubu vyuma Temeke. Ila kwanza tulihitaji mfano wa mbao wa kutengenezea kalibu ya kumiminia shaba, na mfano ule ulihitaji mtu mwenye mikono. Akanielekeza Mwenge, kwa mchongaji wa kimakonde aitwaye Dastani, mtu wa rika langu, aliyekuwa amekaa chini katikati ya vipande vya mbao, miguu yake ikishikilia gogo kama mikono mingine miwili.

Nikaiweka ile propela iliyovunjika mbele yake, nikamweleza. Aliipapasa, panga moja baada ya jingine, macho ameyafumba nusu. Hakuwahi kuona kitu kile maishani, aliniambia baadaye.

"Kaka Festo," akasema, "hii kitu inazunguka upande gani?"

Nilitazama pembeni. Miaka yangu yote baharini, na mchongaji ambaye hajawahi kupanda mashua ameuliza hilo kabla hajauliza jina langu la pili. "Kulia," nikajibu. "Kwa nini umeuliza?"

"Si ndicho kinachoonekana kwanza?"

Aliuchonga ule mfano kwa mninga, kwa siku tano. Mpingo, alisema, ni wa kuwauzia watalii. Wa kazi ni huu. Salome alimkatia vipande vya bati vyenye mkunjo unaotakiwa, naye akawa anaviweka juu ya panga kulinganisha, akikwangua pale bati lilipogusa. Akaongeza unene kidogo kila mahali kwa sababu shaba ikipoa hunywea. Mara ya kwanza tuliposubu, ikatoka na vitundu vya hewa kama andazi, tukaiyeyusha tena. Ya pili ikatoka safi. Salome akatoboa tundu lake, kisha, ili kuisawazisha uzito, akaitundika kwenye fimbo laini juu ya vyuma viwili, panga zito likawa linashuka chini lenyewe, nami nikawa nalisugua kwa tupa. Nilisugua siku mbili, kidogo kidogo, hadi ukaisimamisha vyovyote utakavyo ikabaki pale ulipoiacha. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule. Hofu ni mwalimu mzuri, na mimi nilikuwa nayo ya walimu saba.

Tulijaribu Kunduchi, mbali na mgahawa wowote. Mama Upendo alisema atatazama kutoka ufukweni, na akanivua saa yangu ya mkononi kabla sijapanda, kama mtu anayemaliza mirathi mapema. Waya wa gia niliurudisha mahali pake kwa mkono wangu, Bi. Rehema akisimama juu yangu anaangalia. Dastani alikuja na kutapika tangu mwanzo hadi mwisho.

Bi. Rehema akaweka mbele. *Tulizana* ikaenda mbele. Akaibana injini hadi mwisho. Moshi ukatoka mwembamba, wa kawaida, na mshale wa mizunguko ukafika pale ambapo kitabu kilisema ufike, mahali ambapo, alisema, haujawahi kufika hata enzi za mumewe. Akarudisha gia nyuma, chombo kikasimama kabla hakijamaliza urefu wake. Mimi nilikaa chini saa nzima, kiganja juu ya giaboksi. Ilikuwa na uvuguvugu tu, na sikukiondoa.

Mwaka uliofuata nilikuwa Kunduchi nabadilisha mafuta ya injini ile, akaja bwana mmoja wa Msasani mwenye mashua kubwa ya tanga, anatafuta fundi wa kumchagulia propela. Bi. Rehema akaninyooshea kidole. Yule bwana alishusha sauti, lakini mashua ni kitu kidogo, kila neno linasikika.

"Si ndiye yule aliyekuunguzia giaboksi?"

"Ndiye."

"Na bado unamwita?"

"Nimewahi kuwa na mafundi wanne," Bi. Rehema akasema. "Watatu, kikiharibika kitu, huniambia ni bahari. Huyu alisimama mbele ya walimu sita akasema ni yeye."

Yule bwana akainama mlangoni pa injini akaniuliza nina nafasi lini. Nikamwambia Jumatatu. Halafu nikarudi nyuma ya injini, mahali ambapo mtu mzima anaweza kujifuta macho na kusema ni dizeli.